Fonti ya Martin: Je, Unene wa Herufi Hubeba Dhamira?

Februari 1968, wafanyakazi wa usafi wapatao 1,300 mjini Memphis, Marekani, waligoma baada ya wenzao wawili, Echol Cole na Robert Walker, kupondwa hadi kufa na mtambo wa gari la taka. Mabango yao yalibeba sentensi moja kwa herufi kubwa nene, yaani "Mimi ni mwanamume", na neno "ni" likapigiwa mstari. Mstari huo ulikuwa na uzito kuliko unene wa herufi, kwani Mmarekani mweusi wa majimbo ya Kusini aliweza kuitwa boi, yaani mvulana, hata akiwa na mvi.

Kutokana na mabango hayo, msanifu Tré Seals, mwanzilishi wa karakana ya fonti ya Vocal Type, alichora fonti (mtindo wa herufi) ya Martin, kwa jina la Martin Luther King, aliyeuawa mjini humo tarehe 4 Aprili alipokwenda kuwaunga mkono wagomaji. Fonti yake nyingine, Bayard, inamkumbuka Bayard Rustin, mratibu wa maandamano ya Washington ya 1963.

Wanaoipongeza kazi hii wana hoja nzito. Rustin hakupewa sifa alizostahili, na mwanafunzi anayekuta jina lake kwenye orodha ya fonti, akauliza alikuwa nani, amefunguliwa mlango ambao huenda vitabu vyake havikuufungua.

Hata hivyo, mwaka 1964 msanifu Ken Garland na wenzake jijini London walitoa tamko wakilalamika kwamba vipaji vya wasanifu vinamalizwa katika kutangaza vitu kama chakula cha paka na dawa ya meno. Lalamiko lao lilihusu kazi inayofanywa, wala si umbo la herufi. Kwa kipimo hicho, wakosoaji wa fonti hizi wanaweza kusema kwamba kampuni inaweza kununua fonti iliyozaliwa na mgomo, ikatangazia viatu, huku ikiwazuia wafanyakazi wake kuunda chama.

Naona wakosoaji wako sahihi kuhusu soko, ila wanamtwika mchoraji mzigo wa mnunuzi. Leseni za fonti tayari huweka masharti, kwa mfano idadi ya kompyuta zinazoruhusiwa. Sharti la kumnyima fonti mwajiri anayekandamiza wafanyakazi lingefaa kujaribiwa, ingawa kulisimamia kungekuwa kazi ngumu kwa karakana ndogo isiyo na wakili.