Townace ya mizigo au Noah: gari la kubebea baiskeli Tabora

Rafiki yangu ni fundi na muuza baiskeli hapa Tabora mjini. Hununua baiskeli za mtumba zilizochoka, huzifufua, kisha huzipeleka Urambo, Sikonge na Nzega siku za mnada. Miaka yote amekuwa akikodi gari. Sasa amepata fedha ya kununua la kwake, na ndugu zake wote wamempa jibu moja: chukua Noah. Mimi nimemwambia achukue Townace ya mizigo. Hata hivyo hoja ya ndugu zake si nyepesi, ndiyo maana naiandika hapa pamoja na yangu.

Magari yenyewe ni ya tumbo moja. Mwaka 1996 Toyota walitoa Townace kwa sura mbili, ya mizigo na ya abiria. Ile ya abiria iliitwa Townace Noah, na ndiyo tunayoiita leo Noah old model. Zote mbili injini iko chini ya siti za mbele, na kwa zisizo na 4WD magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari. Noah iliyokuja mwaka 2001, inayovutwa na magurudumu ya mbele, ni gari jingine, siiingizi katika hesabu hii.

Tuanze na baiskeli, maana watu wengi huanza na gari. Bodi za magari haya zote zimejengwa chini ya upana wa mita 1.7, kwa sababu Japani gari likizidi hapo huhesabiwa katika daraja la magari makubwa zaidi. Phoenix yenye tairi za inchi 28 ina urefu wa karibu mita 1.9. Kwa hiyo haiwezi kukaa kwa upana wa gari bila kufunguliwa tairi, na kufungua tairi la mbele la Phoenix si jambo la dakika moja: kuna nati mbili za kulegeza kwa spana, na kuna breki za vyuma zinazokumbatia ringi kwa ndani. Baiskeli ya gia ya kisasa unaweza kuifungua kwa mkono mtupu. Lakini wateja wa vijijini wanaobeba magunia na madumu ya maji hawanunui ya gia, wananunua Phoenix.

Basi zinabaki kusimama kwa urefu, zimepangwa mzungu wa nne, usukani wa moja ukielekea mlangoni na wa nyingine ukielekea kwa dereva, ili sukani zisigombane. Hapo kila sentimita ya upana ina thamani. Katika Noah, siti za safu ya mwisho hukunjwa na kuinuliwa ubavuni, moja kila upande. Ukiziangalia unaona zimepisha, ila zimechukua nafasi ileile ambayo usukani unaihitaji. Ndugu wa rafiki yangu wanajibu kwamba siti zinafunguliwa. Ni kweli, zinafunguliwa. Swali ni zinakwenda wapi. Zinakwenda stoo, panya wanatoboa sponji, mtoto anapoteza bolti, na baada ya miaka miwili una Noah isiyo na siti. Sifa kubwa ya Noah ni kuuzika haraka. Mnunuzi akikuta zulia limelowa grisi, plastiki za ubavuni zimechanwa na pedeli na siti hazipo, atataja bei ya gari la mizigo. Yaani thamani unayolipia leo utaipata tu kama hutalitumia gari kwa kazi uliyolinunulia.

Townace ya mizigo haina cha kuharibu. Sakafu ni tambarare, kuta ni chuma, ukimaliza kazi unafagia. Injini yake ya petroli ya 7K, ya cc 1,800, inatumia cheni ya taimingi. 3S ya Noah, ya cc 2,000, inatumia mkanda ambao lazima ubadilishwe kwa wakati wake, na kwa gari la mtumba huna hakika mwenye nalo wa mwanzo aliubadilisha lini. Upande wa pili, spea za 3S zipo kila duka kwa sababu injini hiyo imo pia ndani ya RAV4 na Ipsum za zamani. Hapa Noah inashinda, na nalikiri hilo.

Inashinda tena kwenye springi. Watu husema gari la mizigo ni imara, kwa hiyo linafaa. Lakini baiskeli ni mzigo mkubwa kwa umbo na mdogo kwa uzito. Phoenix nane, kila moja kilo 20 na ushee, hazizidi sana mifuko mitatu ya saruji. Springi ngumu zilizotengenezwa kwa ajili ya saruji hazilegei kwa uzito huo. Kwenye lami ya Nzega hutaona tofauti, ila kwenye barabara za vumbi za kuingia vijijini gari litarukaruka, fremu zitasuguana na rangi aliyoipiga fundi kwa siku mbili itakwanguka. Dawa ipo na ni rahisi: magunia matupu katikati ya fremu, na mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Bado ni kazi ya ziada kila safari.

Kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, niliiondoa mapema. Bei yake nafuu, lakini iko wazi, na masika ya huku yanajulikana.

Hoja iliyonisumbua kuliko zote aliitoa shemeji, mke wake. Alisema, "Shemeji, gari likiingia nyumbani si la mtu mmoja." Kweli tupu. Ukiwa na gari hapa kwetu, msiba ukitokea Nzega ni wewe unayepigiwa simu. Mama akizidiwa usiku ni wewe. Na nimeona watu wakipakiwa nyuma ya gari la mizigo, wameketi sakafuni bila mkanda, bila cha kushika, kwa sababu tu kumkatalia shangazi ni aibu. Hilo linaniogopesha. Wapo wanaochomelea mabenchi ndani, nayo si suluhisho: kadi ya gari imeandika idadi ya siti, na ajali ikitokea trafiki na kampuni ya bima wataanzia hapo.

Kwa sababu ya shemeji nimebadili ushauri wangu, ingawa si mpaka kufika kwenye Noah. Townace ya mizigo zipo zenye siti ya pili ya kukunja, watu watano kwa jumla. Siti hiyo ni nyembamba, mgongo wake umesimama wima, na Oktoba abiria wa nyuma watalalamika joto. Mpaka Kigoma mjini nisingempakia mzee. Lakini mama atafika hospitali akiwa ameketi kwenye siti halisi, na Jumatatu siti inakunjwa, baiskeli zinaingia. Msiba wa watu saba wakodi Noah siku hiyo. Rafiki yangu aliandika safari zake za mwezi mmoja: 11 za baiskeli, 3 za familia, na kati ya hizo 3 ni moja tu iliyozidi watu wanne.

Kama angekuwa anapeleka vijana wanne na baiskeli zao za mashindano Shinyanga, ningesema Noah bila kusita.

Kuna sharti moja nililomwekea, nalo linahusu gari lolote atakalochagua. Kati ya siti na baiskeli pawe na wavu wa chuma uliofungwa kwa bolti kwenye bodi. Dereva akikanyaga breki ghafla kwa sababu ya ng'ombe, baiskeli zilizosimama kwa urefu zinakuja mbele zote, usukani ukitangulia, na aliyeketi mbele yake ni mtu.

Jumamosi anakwenda kuiona moja ya watu watano. Nimemwambia asiende mikono mitupu, abebe futi kamba na Phoenix mbili, na aziingize mwenyewe kabla ya kuuliza bei.