Simu ilivyotupandishia mahari

Naona voisi noti ya yule swahiba wangu, anayodai kwamba Jumamosi kwenye mahari ya mdogo wangu niliwasha spika makusudi kisha nikazimia, imeshafika mpaka kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Leo asubuhi nimempa salamu, akanijibu "thrii milioni," akaendelea kukanyaga cherehani yake. Sasa tuelewane. Mimi sikuzimia. Nilikaa chini ghafla, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Wala sikuwasha spika makusudi ili niwaumbue ndugu zangu, kama anavyotangaza huyo bwana, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango na ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka nje eti anapokea simu. Simu yake ilikuwa haijaita.

Jumamosi tulikwenda Morogoro kumtolea mahari mdogo wangu. Tulipanda treni ya SGR asubuhi, wote tumependeza, Shangazi kavaa kitenge chake cha shughuli na baba mdogo kabeba bahasha ndani ya koti huku akiishikashika kila treni ikipunguza mwendo. Mshenga wetu ni mzee wa zamani anayetumia kitochi, kwa hiyo hayumo kwenye grupu letu la WhatsApp. Sisi wengine tumo. Grupu linaitwa Kikosi Kazi Mahari. Shikeni hilo jina, tutalisikia tena, ila kwa lafudhi nyingine.

Mkakati ulikuwa huu: kwenye bahasha kuna milioni tatu, lakini kwa mdomo tuna moja na nusu. Wakitubana sana, mbili. Msinitazame hivyo, na nyie mmeoa.

Nirudi nyuma kidogo. Wiki nzima simu yangu ilikuwa inanisumbua na apdeti. Kila ikileta ujumbe nabonyeza "Baadaye". Kumbe yenyewe ilielewa kwamba baadaye ni saa nane usiku wa kuamkia safari, nimelala, simu iko chaji. Nimeamka nakuta imeniandikia kwamba imeboreshwa. Bando langu la wiki limeliwa lote, kengele haijalia, vialama vimehamishwa kila kimoja kivyake, na mandhari niliyokuwa nimeweka ya picha ya mama imegeuka milima ya nchi nisiyoijua. Ikabidi ninunue bando jingine pale stesheni. Hiyo pesa ningenunulia karanga, leo hii ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Tukafika. Tukapokelewa vizuri, tukalishwa pilau, tukakaa sebuleni, wao upande wa dirishani, sisi upande wa mlangoni. Bibi wa binti amewekwa kiti cha peke yake katikati, na chini ya kiti chake kuna spika ya Bluetooth. Baba mwenye nyumba akasema, "Kijana mmoja wa huko atuwekee kwaya ya taratibu wakati wazee wanajiandaa." Vidole vyote vya Kikosi Kazi vikanionyesha mimi. Nikaunganisha. Kwaya ikaanza, laini kabisa. Bibi akasema sauti ni ndogo. Nikashika vitufe vya sauti vya pembeni ili niongeze, na kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta ya pilau, vikabonyezeka vyote viwili pamoja.

Kabla ya apdeti, ukivibonyeza vyote viwili hakitokei kitu. Baada ya apdeti, ukivishikilia sekunde chache, inawaka programu ya kusoma skrini, ile ya kuwasaidia wasioona. Hilo nimelijua jioni. Wakati ule nilichosikia ni simu kutetema kidogo tu.

Mshenga akasimama, akakohoa, akaanza. "Wazee wetu, sisi ni wapita njia. Tulipopita hapa kwenu tukaona ua limechanua..."

Kwaya ikajipunguza yenyewe. Chini ya kiti cha Bibi akatokea mwanamke wa Kizungu.

"Wotsapu," akasema. "Kaikosi Keizi Maheeri. Baba em-dogo."

Mshenga akanyamaza. Akatazama dari. Akaendelea: "...tukaona ua limechanua, tukauliza, bustani hii ina mwenyewe?"

"Tyuanzi na wani milioni faivu handredi thauzandi," akasema yule mama, bila haraka. "Em-sisemi tyuna thrii milioni kweni bahasha."

Ngojeni hapa kidogo. Huyu mama anasoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, kwa hiyo maneno yake hayashikiki. Ningepona. Lakini tarakimu anazisoma kwa Kiingereza safi cha redioni, na hakuna mzee Morogoro nzima asiyejua thrii milioni ni kiasi gani. Niliona macho ya upande wa dirishani yakienda kwenye koti la baba mdogo. Baba mdogo naye, Mungu amsamehe, akalishika koti.

Nikagusa alama ya kusimamisha. Haikusimama. Ikasema ni kitufe, na kwamba nigonge mara mbili. Mimi nimegonga mara moja moja, kwa nguvu, sehemu mbalimbali, na kila nilipogusa akatangaza nilichogusa: betri imebaki ngapi, saa ngapi sasa, kisha ujumbe wa ule mkopo wa simu ambao mke wangu haujui. Mke wangu, kama unasoma hapa, tutaongea nyumbani.

Nikasema potelea mbali, nazima simu yenyewe. Nikashikilia kitufe cha pembeni. Zamani ukikishikilia unaletewa sehemu ya kuzima. Baada ya apdeti anatokea msaidizi anayekuuliza akusaidie nini. Sasa wakawa wawili.

"Shengeizi," akaendelea wa kwanza. "Pilau gani hili, naiyama naiteifuta kwa tochi."

Nataka mjue kwamba katika ujumbe wote ule, neno "pilau" alilitamka sawasawa kuliko Shangazi mwenyewe. Na baada ya hapo zikaja emoji za Kikosi Kazi, ambazo kila moja huyu mama anaisoma kwa jina lake kamili: feisi wizi tiazi ofu joi, feisi wizi tiazi ofu joi, feisi wizi tiazi ofu joi, mpaka mtoto mmoja wa pale akaanza kuitikia.

Ndugu zangu walipong'amua kinachoendelea, mnadhani walifanya nini? Walikaa kimya kwa adabu, wakaingiza mikono chini ya vitenge na makoti, wakaniandikia kwenye grupu.

"Zaima saimu."

"Zaima saimu wewe."

"Baba em-dogo. Mwambieni azaimi saimu, aibu hii."

Mdogo wangu, bwana harusi mtarajiwa, aliyeachwa kwenye nyumba ya wageni, naye akaona grupu limechangamka akachangia: vipi, wameshakubali, na yule bibi yao mkali yupo? Akaweka na emoji ya simba. Yule mama wa kwenye simu akasema, "Laion feisi."

Ilibaki njia moja, kuizima spika. Spika iko chini ya kiti, mbele ya kiti iko miguu ya Bibi. Nikapiga magoti. Nikatambaa mkekani, sebule nzima ikinitazama, mkono mmoja nimenyoosha mbele. Bibi alipoona kijana wa watu anamjia kwa magoti, akadhani nimeelemewa na heshima. Akaniwekea mkono kichwani, akanikandamiza.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Marahaba sana."

Mkono wa Bibi una nguvu. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Uso wangu ulikuwa karibu na spika kiasi kwamba nilisikia pumzi ya yule mama wa Kizungu kabla hajaanza sentensi, na hana pumzi.

Mjomba mmoja wa binti, mwalimu, alikuwa amekaa pembeni muda wote kanyamaza. Haoni tangu utotoni. Akainua mkono. "Hebu nyamazeni," akasema, "nimsikilize huyu." Nilishukuru, nikajua huyu atabadilisha mazungumzo. Kumbe yeye ametumia programu hiyohiyo miaka na miaka, tangu enzi ambazo kwenye simu yake hakukuwa na sauti ya Kiswahili, na Kiswahili cha Kizungu cha yule mama anakielewa vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Anasema," akawafafanulia ndugu zake kwa sauti ya darasani, "waanze na milioni moja na nusu, na tusiambiwe kuwa kwenye bahasha kuna milioni tatu. Halafu kuna Shangazi hapa anasema nyama kwenye pilau anaitafuta kwa tochi." Akafikiri kidogo. "Na Bibi ni simba."

Ndipo nilipokaa chini.

"Kijana, lete simu," Mjomba akasema. Nikampa. Akavishika vile vitufe viwili, akahesabu kimoyomoyo, kimya kikaingia na kwaya ikapanda tena hewani, wanaimba haleluya. "Gusa mara moja ikusomee, mara mbili ifungue, kusogeza unatumia vidole viwili," akanielekeza. "Na sauti ya Kiswahili ipo siku hizi. Unamtesaje mwanamke wa watu kwa lugha isiyo yake?"

Kuna jamaa wameniandikia inboksi kwamba tatizo ni ushamba, simu za kisasa zina wenyewe. Sawa. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya yuro milioni 10 na Samsung milioni 5 kwa sababu ya apdeti zilizodhoofisha simu za wateja. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti moja mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ikaangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, ndege zikabaki chini, hospitali zikarudia kalamu na karatasi. Wote hao washamba? Mwenye simu yake ameilipia, kalala kwake, asubuhi anakuta vitufe vimepewa kazi mpya bila kikao. Na ukiwaandikia waliotengeneza simu, kama nilivyowaandikia mimi, unajibiwa kwamba maoni yako ni ya thamani na wanakushauri uhakikishe simu yako ina apdeti ya karibuni. Ya kwangu ni ya kampuni gani sisemi, nina kesi za kutosha.

Yaliyofuata ni mafupi. Milioni tatu zilitoka zote, mshenga wetu hakurudia habari za ua. Mkaja wa mama ukaongezwa, blanketi la Bibi likawa mawili, na tukapigwa faini ya mbuzi kwa kosa ambalo baba mwenye nyumba aliliandika kwenye daftari kuwa ni "vikao vya siri hadharani". Harusi ipo palepale. Bibi ananipenda mimi kuliko bwana harusi, anasema katika wote waliokuja ni mmoja tu aliyelelewa. Nimetolewa kwenye Kikosi Kazi.

Wakati wa kuondoka, mama wa binti akatusindikiza mpaka getini na mfuko. Akampita baba mdogo, akampita mshenga, akaukabidhi kwa Shangazi kwa mikono miwili. "Wifi, fungashio la njiani." Shangazi akafungua tulipokaa kwenye treni. Hotipoti la pilau, nyama juu imejaa mpaka mfuniko haufungi vizuri, na pembeni wameweka tochi. Baba mdogo akaijaribu. Inawaka, betri mpya.