Mashirika ya watu wenye ulemavu yamwajiri nani?

Matangazo ya kazi ya mashirika yanayohudumia watu wenye ulemavu hapa Tanzania mara nyingi humalizika hivi: watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Panda juu kidogo kwenye sifa za mwombaji: shahada ya kwanza, uzoefu wa miaka mitano, leseni ya pikipiki. Kijana anayetumia kiti mwendo ameshaachwa hapo hapo, na hakuna aliyemkataa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe angalau asilimia 3 kati yao wana ulemavu. Mashirika haya ndiyo yanayozunguka kwenye mabenki na viwanda kuikumbusha sheria hiyo, kwa hiyo wanaodai yaanze na ofisi zao wenyewe wana hoja nzito. Kaulimbiu ya harakati inajulikana: hakuna lolote kutuhusu bila sisi. Sasa mkurugenzi, mhasibu na afisa mradi wakiwa wote hawana ulemavu, na mwenye ulemavu pekee akawa yule wa mapokezi, shirika linamsemea nani?

Meneja wa shirika naye ana hoja zake. Mtoto mwenye mguu kifundo, yaani uliopinda tangu kuzaliwa, anahitaji mtaalamu, na utaalamu hauji na ulemavu. Kiziwi hazijui adha za asiyeona kwa sababu tu naye ana ulemavu. Halafu mfadhili anasubiri ripoti kila robo mwaka. Mradi wa miaka miwili hauachi nafasi ya kumfundisha mtu kazi. Hoja hii ya mwisho inanikera, ila si ya uongo.

Naegemea upande wa kwanza, ilimradi bajeti itangulie tangazo. Mkalimani wa lugha ya alama akikodiwa siku ya semina tu, wageni wakiwepo, afisa kiziwi atakaa bubu kwenye vikao vya kila Jumatatu, kisha tathmini ya mwisho wa mwaka iandike kwamba hatoi mchango. Asiyeona mwenye programu ya kusoma skrini hukwama pale mwenzake anapomtumia waraka uliopigwa picha. Anayetumia kiti mwendo hulipa bajaji kwenda na kurudi, wakati wenzake wamepanda daladala, na mshahara ni ule ule. Gharama hizi zikiwekwa kwenye andiko la mradi tangu mwanzo, mfadhili atazijadili kama gharama nyingine. Zikiletwa mtu akishaajiriwa, lawama humwangukia yeye.

Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita kimya kimya. Kwa wasomi wengi wenye ulemavu, mashirika haya ndiyo mlango unaofunguka kirahisi. Aliyesomea uhasibu anaishia kuhamasisha jamii kwa posho, na mwajiri wa nje anapata kisingizio: si wana mashirika yao? Mradi ukifungwa, kama ilivyoikuta mingi baada ya Marekani kusitisha misaada mwanzoni mwa 2025, anabaki na wasifu uliojaa semina za ulemavu, bila hata mwaka mmoja wa kushika vitabu vya hesabu. Ndiyo maana kwenye ripoti za mashirika haya ningependa kuona, pamoja na idadi ya walioajiriwa, ni wangapi wameondoka kwenda kufanya kazi benki au halmashauri, kwa taaluma waliyoisomea.