Kabla ya Samaki wa Kwanza, Tafuta Tangi la Pili

Anayetaka kuanza kufuga samaki wa baharini nyumbani huuliza maswali yale yale: taa ipi, mawe kilo ngapi, tumbawe gani halifi upesi. Si maswali mabaya. Ila ni nadra kumsikia akiuliza samaki mpya atakaa wapi kabla ya kuingia kwenye tangi lenye matumbawe, na kwangu mimi hilo ndilo lilipaswa kutangulia. Msimamo wangu huwaudhi wauzaji na wanunuzi kwa pamoja: kama fedha au nafasi haitoshi matangi mawili, basi haitoshi hata hilo moja. Chukua taa ya kawaida, liache tumbawe la bei mbaya, weka tangi la karantini, yaani la kumtenga samaki mpya.

Adui anayenifanya niwe mkali hivyo ni Cryptocaryon irritans, kimelea cha seli moja kinacholeta ugonjwa wa madoa meupe. Ukiujua mwenendo wake utaelewa kwa nini unawahadaa watu. Kimelea hujichimbia kwenye ngozi na matamvua ya samaki, hujilisha humo kwa siku 3 hadi 7, kisha hujidondosha chenyewe. Madoa yanapotea. Mwenye tangi anafurahi, anakisifu kitunguu saumu alichochanganya kwenye chakula, anawashauri na wenzake. Kumbe muda huo huo kila kimelea kimejigandisha kwenye mchanga au jiwe, kimejijengea ganda, na ndani ya ganda hilo kinagawanyika mara nyingi. Ganda likipasuka hutoka vimelea vichanga kwa mamia, na vina siku moja au mbili tu za kumpata samaki kabla ya kufa.

Baharini wengi wao hufa bila kumpata. Bahari ni kubwa, samaki hata alale pale pale, mkondo unasomba kilichodondoka. Kwenye tangi la lita 60 samaki ni wale wale, usiku wanalala sentimita chache kutoka kwenye mchanga uliojaa maganda, na kila mzunguko unakuja na kundi kubwa kuliko lililotangulia. Ndiyo maana ugonjwa ambao baharini ni usumbufu mdogo huweza kulimaliza tangi zima. Kuna maganda yaliyoonekana kupasuka baada ya siku 72, na hapo ndipo wafugaji walipoipata desturi ya kuliacha tangi bila samaki kwa siku 76 pale ugonjwa unapoingia. Miezi miwili na nusu ya kuangalia mawe na konokono!

Mtu atasema: si utie dawa? Dawa ipo, na inafanya kazi. Shaba iliyoyeyushwa majini huvimaliza vimelea vichanga vikiwa vinaogelea, lakini ndiyo hiyo hiyo inayoua kamba, konokono na matumbawe, na mawe na mchanga huinyonya hivi kwamba kipimo hakitulii. Njia nyingine ni kushusha chumvi mpaka kipimo cha uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji safi kisome 1.009 badala ya 1.025. Samaki wengi huvumilia. Matumbawe hayavumilii. Kuhusu zile chupa zinazoandikwa kuwa ni salama kwa matumbawe, mimi sizinunui. Tangi lenye matumbawe limejaa viumbe wadogo laini wasio na uti wa mgongo, na dawa inayodai kumchagua kimelea mmoja kati yao wote inadai jambo zito mno kwa maandishi ya kibandiko.

Kwa hiyo matibabu hufanyika nje ya tangi kuu, na hilo "nje" lazima liwepo kabla ya ugonjwa. Si lazima liwe zuri. Ndoo pana ya plastiki au tangi tupu la lita 40 linatosha kwa samaki wadogo: hita, kipimajoto, kifuniko, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, na sponji la kuchujia. Sponji hilo ndilo siri ya mambo yote. Liweke kwenye tangi kuu wiki kadhaa kabla, likae humo likishika bakteria wanaokula amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kisha lihamishe siku samaki anapofika. Usiweke mchanga wala mawe, maana yatanyonya shaba. Mweke samaki wiki 4 hadi 6, umwone akila, umwone anavyopumua. Ukiamua kutumia shaba, fuata kipimo cha dawa uliyonayo, pima maji kila siku, na usiichanganye na kemikali za kufunga amonia, kwa sababu baadhi yake hufanya shaba iwe sumu kali zaidi.

Wapo wanaopinga kwamba karantini yenyewe humchosha samaki. Ni kweli, kama ni ndoo ya maji machafu isiyo na pa kujificha. Lakini samaki aliyesafirishwa amekonda, hajala vizuri, na kwenye tangi kuu atawakuta wenyeji wanaomfukuza kila akikaribia chakula. Peke yake, kwenye mwanga hafifu, wengi huanza kula mapema zaidi. Tena kuna ugonjwa mwingine, Amyloodinium ocellatum, unaofanana na vumbi laini kwenye ngozi, ambao mara nyingi huanza kwenye matamvua na huua ndani ya siku chache. Huo ukiukuta kwenye ndoo, umempoteza samaki mmoja tu, si tangi zima.

Siku ya kumpokea nayo ina mtego wake. Ndani ya mfuko wa safari samaki ametoa amonia, lakini pia ametoa kaboni dayoksaidi iliyoshusha pH (kipimo cha uchachu wa maji, ambacho hushuka uchachu ukizidi), na pH ikiwa chini sehemu kubwa ya amonia huwa katika hali isiyo na sumu kali. Fungua mfuko, gesi itoke, pH ipande, na amonia ile ile inageuka sumu. Kwa hiyo yule anayekaa saa mbili akidondosha maji tone kwa tone ndani ya mfuko uliofunguliwa, akiamini anamfanyia hisani, anamchemsha kwenye mkojo wake. Linganisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, andaa maji ya karantini yawe na chumvi sawa na ya mfuko, kisha mhamishe bila kuchelewa na maji ya mfuko uyamwage.

Baada ya hapo ni maji, na kwenye tangi dogo maji maana yake ni uvukizi. Maji yanapovukiza chumvi hubaki. Lita 60 zenye chumvi 35 kwa elfu (gramu 35 katika kila kilo ya maji) zikipoteza lita 3, chumvi inafika karibu 37. Tangi la lita 600 likipoteza kiasi hicho hicho, haifiki hata 35.3. Samaki wa baharini muda wote anapoteza maji mwilini kupitia matamvua, na huishi kwa kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi iliyozidi, kazi inayokula nguvu. Chumvi inayopanda na kushuka kila siku humzidishia kazi hiyo. Fidia kilichovukiza kwa maji safi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, kila siku. Kifaa cha kujaza chenyewe ni bora kuliko mapambo yote yaliyomo, na katika tangi dogo ningekinunua kabla hata ya mashine ya kutoa povu, ile inayoondoa uchafu majini.

Idadi ya samaki sitaizungumzia sana. Kwa lita 60 nasema wawili wadogo, kwa mfano jozi ya Amphiprion ocellaris, wale wa chungwa wenye mistari mitatu myeupe. Kangaja wa buluu anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole hufikia sentimita 30, na hakuna tangi dogo "la muda" kwake. Synchiropus splendidus, yule mwenye michirizi ya buluu na chungwa, huishi kwa kudonoa vijidudu juu ya mawe mchana kutwa. Tangi dogo huishiwa vijidudu hivyo, na samaki hufa njaa taratibu akiwa bado ana rangi zake.

Limebaki la konokono, kaa na matumbawe mapya, ambalo hata wafugaji makini hulisahau. Viumbe hivi haviugui madoa meupe, lakini ganda la kimelea huweza kushikamana na gamba la konokono au jiwe linaloshika tumbawe, na kuingia nalo. Nao wanahitaji chombo chao kisicho na samaki, kwa siku zile zile 76, chenye mwanga wa kutosha kwa matumbawe. Asiyeweza kusubiri kiasi hicho aache kununua matumbawe mapya baada ya samaki kuingia: ayapande yote kwanza, tangi likae likiwa na mawe, matumbawe na konokono tu mpaka siku hizo ziishe, ndipo samaki waliotoka karantini wafuate.