Makumbusho ya Chake na Magofu ya Pemba: Fedha Itangulie Wapi?

Makumbusho ya Pemba yamo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake, au tuseme ndani ya kilichobaki cha ngome hiyo, kwa sababu sehemu yake kubwa ilibomolewa zamani ili kupisha hospitali. Vyumba vyake ni vichache. Nje ya mji, kila upande, yapo magofu ambayo ndiyo chimbuko la historia inayosimuliwa humo: Pujini upande wa kusini-mashariki, Ras Mkumbuu kwenye ncha ya rasi upande wa magharibi, na Chwaka ya Tumbe huko kaskazini. Fedha ya kutunza urithi haijawahi kutosha vyote, na ndiyo maana swali la kipi kitangulie, makumbusho au magofu, lina uzito kuliko linavyoonekana.

Wanaotaka makumbusho yatangulie wana hoja nzito. Mwalimu wa Wete au Mkoani anaweza kuwapakia wanafunzi garini asubuhi, wakaona mambo ya kisiwa kizima na kurudi kabla ya adhuhuri, ilhali kufika Ras Mkumbuu kunahitaji mashua au mwendo mrefu wa miguu. Tena vitu vilivyofukuliwa ardhini, kama vigae vya vyungu na shanga, haviwezi kuachwa porini, kwa kuwa vitaokotwa au vitaharibiwa na mvua. Hapo sina ubishi nao hata kidogo.

Lakini kuna maarifa ambayo hayahamishiki. Pujini ni boma la karne ya 15 linalonasibishwa na mtawala ambaye Wapemba wanamwita Mkama Ndume, yaani mwenye kuwakama wanaume kama mtu akamavyo ng'ombe. Husimuliwa kwamba watu wake walibebeshwa mawe kichwani huku wakijikokota kwa makalio, na kwamba kisima chake kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wakati wa kuteka maji. Maelezo hayo yakiandikwa kwenye kibao ukutani mjini, msomaji atayapokea kama ngano. Akisimama penye boma lenyewe na kupima kwa macho kiasi cha udongo na mawe yaliyohamishwa kwa mikono ya watu, ataelewa kwa nini jina lile limedumu kwa karne tano.

Mfano ulio wazi zaidi uko Unguja. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani ina maandishi ya Kikufi, yaani hati ya kale ya Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, na msikiti huo unasaliwa hadi leo. Mawe yale yangalichukuliwa na kuwekwa ndani ya kabati la kioo, yangalihifadhika vizuri, pengine kuliko sasa, ila yangalikoma kuwa mihrabu.

Yapo pia ya kujifunza kutoka Beit el Ajaib, jumba la Mji Mkongwe wa Unguja alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883 na ambalo baadaye lilifanywa makumbusho. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafariki. Wapo wanaolitumia tukio hilo kudai kwamba majengo ya makumbusho ndiyo yapewe fedha mwanzo. Mimi naliona kwa namna nyingine: hapa kwetu makumbusho yenyewe hukaa ndani ya magofu yajayo, na anayedhani kwamba kitu kikishaletwa mjini kimesalimika anajidanganya. Ngome ya Chake nayo ni jengo la mawe na chokaa, inayonyeshewa mvua ileile inayonyesha Pujini.

Jambo jingine ni sanaa. Katika maduka ya Mji Mkongwe picha za Tingatinga zimejaa, nazo ni sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania Bara. Sizidharau. Ila mkeka wa ukili uliosukwa na mwanamke wa Pemba, rangi zake zikapangwa kwa hesabu aliyoirithi kwa mama yake, nao ni sanaa, na kofia ya viua ni sanaa. Makumbusho ya Chake yangefaa yawe mahali pa kazi hizo, zioneshwe na kuelezwa kama kazi za mafundi walio hai, badala ya kujishughulisha kuiga magofu ambayo mtu anaweza kuyaendea.

Kwa hiyo nikipima pande zote mbili, naegemea magofu, kwa sababu moja kubwa: kigae kilichomo kabatini kitasubiri miaka kumi mingine, lakini ukuta uliopasuliwa na mizizi ya mti hausubiri. Fedha ya mwanzo ningeipeleka Pujini, isitumike kwa jengo lolote jipya, bali kwa kufyeka vichaka na kung'oa miche kabla haijawa miti, na kwa mshahara wa kudumu wa mlinzi mzaliwa wa kijiji kilekile, anayeweza kumpeleka mgeni hadi penye kisima na kumhadithia habari za wake wale wawili kama alivyohadithiwa na wazee wake.