Huyo Hapo Juu

Mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa korosho, hapa Mtwara, aliniita akanionyesha simu yake. "Mjukuu wangu, tangazo langu la mkutano liko chini kabisa kwenye maoni, kama nimezikwa. Lipandishe."

Tovuti ya chama niliitengeneza mimi kwa WordPress, kwa malipo ya kilo mbili za korosho zilizobanguliwa na ahadi. Nikaingia kwenye mipangilio ya majadiliano. Kuna mahali pa kuchagua: maoni yaanze ya zamani, au mapya. Usipogusa, huanza ya zamani. Nikageuza, nikahifadhi, tangazo la mzee likapaa. Nikaenda zangu feri kula pweza.

Sijamaliza mnyiri wa kwanza, simu hiyo.

"Nani kaniita kangomba?"

Kwa asiye wa kusini: kangomba ni ulanguzi wa korosho, na mlanguzi mwenyewe tunamwita hivyo hivyo. Hupita kwa mkulima mwenye shida kabla ya mnada, akachukua kwa bei ya kutupa. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo, wenye mzigo mkubwa walitakiwa kuonyesha mashamba yao. Wengine nadhani wanayatafuta hadi leo. Kumwita mwenyekiti hivyo, bora umwite mchawi.

Nikafungua. Kuna jamaa alikuwa ameandika, "Mwenye shida anitafute, nachukua kwa bakuli, keshi." Mwanachama mmoja akafuatia: "Huyo hapo juu ni kangomba, akamatwe!" Ndipo mzee akaweka tangazo lake. Kitufe cha Jibu kingelibandika jibu chini ya mwenye nalo, lakini kwetu hakuna anayekigusa. Kila mtu anajiandikia tu. Sasa nimepindua foleni, na "hapo juu" amekaa mwenyekiti, kavaa koti, na picha yake ya pasipoti.

Nikarudisha chapchap. Hakuna kilichofutika, ni mpangilio tu. Nikampigia.

"Babu, nimeshaweka sawa."

"Na mimi nimeshamjibu."

Kumbe wakati natafuta bando, mzee alikuwa ameandika: "Huyo hapo chini yangu ni mwongo, na chama hakimtambui!"

Jibu lake, kwa kuwa ndilo jipya, lilikuwa limeshuka mpaka mwisho. Chini yake hakukuwa na maoni ya mtu yeyote. Kulikuwa na mstari mmoja tu, niliouweka mwenyewe kwa madaha: "Tovuti hii imetengenezwa na," kisha jina langu, kwa herufi nzito, na namba ya simu.