Usibadilishe njia ya faili na kifurushi chake kwa mpigo mmoja

Debian, mfumo wa uendeshaji wa Linux, ilipoamua kuunganisha `/bin`, `/sbin` na `/lib` na zile zilizo chini ya `/usr`, viungo (symlink) vinavyoelekeza saraka za zamani kwenye mpya havikuwa tatizo. Tatizo ni dpkg, programu inayosakinisha vifurushi. Haijui kwamba `/lib/x` na `/usr/lib/x` ni faili ileile inayofikiwa kwa majina mawili. Yenyewe inalinganisha maandishi ya njia tu.

Chukua kifurushi A, toleo 1.0, chenye `/lib/udev/rules.d/60-kadi.rules`, sheria ya udev inayosaidia mfumo kutambua kifaa. Msimamizi anaihamishia sheria hiyo kwenye kifurushi kipya B, na kwa kuwa ameshaanza kupanga upya, anaiandika kwa njia mpya: `/usr/lib/udev/rules.d/60-kadi.rules`. Anaweka `Breaks` na `Replaces` dhidi ya matoleo ya A yaliyo chini ya 2.0, kama ilivyozoeleka: ya kwanza inasema B haipatani na A hizo, ya pili inairuhusu B kuchukua faili zao. Wakati wa kusasisha, B inafunguliwa kwanza na faili inaandikwa. `Replaces` haina la kufanya, maana njia hazifanani kimaandishi, na A inabaki kuhesabiwa kuwa mmiliki wa `/lib/...`. Kisha inakuja A 2.0. dpkg inaona toleo jipya halina tena faili ile, inaifuta, na kupitia kile kiungo imefuta faili ya B.

Hakuna kosa lolote kwenye skrini. Kifaa kinagoma kutambuliwa baada ya kuwasha upya, na ni `dpkg --verify B` tu itakayokuonyesha kwamba faili haipo. Ukisakinisha B upya, inarudi.

Sasa fanya mabadiliko hayo moja moja. Ikibadilika njia tu ndani ya A, hakuna kinachopotea: kabla ya kufuta, dpkg inakagua kama faili ya zamani ndiyo hiyohiyo iliyotoka kuwekwa na kifurushi kilekile. Kikibadilika kifurushi tu, `Replaces` inafanya kazi yake. Hatari iko kwenye mchanganyiko, tena mchanganyiko ndani ya sasisho la mtumiaji. Kutenganisha kwa wiki mbili hakusaidii, kwa sababu mwenye toleo thabiti ataruka toka la zamani hadi jipya kwa mara moja.

Ndiyo maana naunga mkono ule usitishaji wa Kamati ya Ufundi ya Debian uliozuia kuhamisha faili hizo kabla ya Debian 12 kutoka Juni 2023, ingawa uliwaudhi wengi. Uhamishaji ulifanyika katika mzunguko wa Debian 13, iliyotoka Agosti 2025. Hata hapo vifurushi vya msingi base-files, bash, dash, glibc na util-linux vilibidi kwenda pamoja mwaka 2024. Arch, Linux nyingine, ilimaliza yake Juni 2013 kwa kuwaambia watumiaji waiache nyuma `filesystem` na `bash`, wasasishe vingine, kisha wamalizie. Njia hiyo inawafaa watu wanaosoma tangazo kabla ya kubonyeza; huwezi kuitegemea kwenye seva elfu moja zinazojisasisha usiku.

Kama huwezi kusubiri toleo thabiti lijalo, tumia `Conflicts`, iliyo kali zaidi, badala ya `Breaks`. apt, inayoiendesha dpkg kwa niaba ya mtumiaji, kwa kawaida itaiondoa A kwanza, lakini anayeita dpkg moja kwa moja hana uhakika huo. Kwa faili ambayo mashine haiwaki bila hiyo, weka `dpkg-divert --no-rename` (inayoigeuza njia ya faili iwe jina jingine) juu ya njia ya zamani ndani ya preinst ya B, skripti inayotangulia usakinishaji, na uiondoe kwenye postinst, inayoufuata. A itafuta jina lililogeuzwa, ambalo halina kitu. Ni skripti chafu, ila inalinda.

Wanaoitegemea njia watangulie. Kifurushi chenye trigger (kinachoamshwa faili inapowekwa mahali fulani) kwenye `/lib/...` hakitaamshwa na faili iliyoandikwa `/usr/lib/...`, kwa hiyo kisikilize njia zote mbili kabla wengine hawajahama. Vivyo hivyo kwa `dpkg-divert` za zamani. Na ukikuta `lib/systemd/system` imeandikwa kwa mkono kwenye `debian/*.install` (orodha ya faili za kifurushi), iulize programu ya pkg-config thamani ya `systemdsystemunitdir`, yaani saraka ya faili za huduma za systemd, wakati wa kujenga. La sivyo kifurushi kitagoma kujengwa siku systemd inapobadilisha thamani hiyo. Ukimaliza, pakia kwenye experimental, hazina ya majaribio ya Debian, kwanza, upate muda wa kujaribu sasisho toka toleo thabiti.